Udongo Ambao Haujafika

Anayetaka kucheka asubiri mwisho. Msichana wa kisa hiki alitoka jasho kwanza, na si haki mtu mwingine acheke kabla yake.

Jina lake Sikudhani. Aliishi na dada yake, Semeni, aliyekuwa na mimba pevu. Tumbo la Semeni lilikuwa limeshuka na miguu imevimba, na kila chakula kilimchefua isipokuwa kitu kimoja tu, nacho ni udongo. Tena si ule wa sokoni, uliokaushwa ukakatwa vipande. Yeye aliutaka ule mwekundu wa kwenye korongo nyuma ya nyumba, ambao ukidondokewa na maji unanukia kama mvua ya kwanza.

"Nenda kanichimbie, mdogo wangu," alisema asubuhi hiyo. "Kidogo tu. Nisije nikazaa mtoto mwenye kinyongo."

Kisha, bila kumtazama usoni, akaongeza, "Lakini usikawie. Uchungu ukinishika nakutaka hapa. Sitaki mkono wa mtu mwingine."

Sikudhani aliitikia kwa kichwa. Hakuwa msemaji, hata kumsalimu jirani alikuwa akijipanga kwanza. Lakini alielewa. Mama yao alifariki siku aliyomzaa yeye, na Semeni, aliyekuwa mtoto mdogo wakati huo, alikuwa amekalishwa nje ya mlango akisikiliza. Katika nyumba yao jambo hilo halikutajwa. Lilikaa tu kama mgeni ambaye haagi.

Basi Sikudhani akaenda korongoni, akachimba, akafunga mabonge mawili matatu kwenye pindo la kanga yake akapiga fundo. Akaona ndani zaidi kuna udongo mwekundu kuliko ule. Akaingiza mkono, akaingiza bega, akaingiza na kichwa. Yaliyofuata hata yeye hawezi kuyaeleza vizuri. Anakumbuka kijia chembamba, mwanga mbele, na mara akajikuta amesimama katika nchi asiyoijua, ndala zake zimeganda vumbi la kijivu, na juu yake mbinguni linaning'inia duara kubwa la buluu lenye mawingu meupe.

Nchi hiyo inaitwa Upembuzini.

Ni nchi safi na watu wake wana adabu. Juu ya lango lao wameandika kwa herufi kubwa: HARAKA HARAKA HAINA BARAKA. Mvua hainyeshi kwao. Maji yao ni umande. Wakisalimiana, mmoja huuliza, "Umeanza?" na mwingine hujibu, "Bado naangalia namna," na wote wawili huridhika. Kabla ya kula, mkubwa wa nyumba husimama akaeleza jinsi tonge litakavyotoka sahanini mpaka kinywani, na hatari zilizopo njiani, na nani atalaumiwa likidondoka. Ndiyo maana nchi nzima wanakula ugali wa baridi, na wengi wao hawajui kuwa unaweza kuwa wa moto. Kijana akitaka kuoa, hutafiti kwanza njia ya kwenda ukweni. Wapo waliofika huko wakapokelewa na wajukuu wa yule mchumba.

Lakini utafiti mkubwa kuliko yote ulihusu lile duara la buluu. Tangu enzi za mababu, watu wa Upembuzini walitamani kuleta udongo kutoka huko. Wakajenga Nyumba ya Sampuli yenye rafu nyeupe na vifuniko vya kioo, ili udongo ukija upate mahali pa kukaa. Serikali ikaziita kampuni zifanye upembuzi yakinifu wa namna ya kuuleta. Zikabaki mbili. Kampuni ya Ungo ilikuwa inasuka ungo mpana kama uwanja, utakaorushwa juu uuteke udongo na kuanguka nao. Kampuni ya Kamba ilipanga kurusha kamba, na kwa miaka yote hiyo ilikuwa bado kwenye fundo. Nusu ya mji walikula kwa ungo na nusu kwa kamba. Mtoto akizaliwa, mkunga aliuliza ukoo wake ni wa upande gani kabla hajauliza ni wa kike au wa kiume.

Mtu wa kwanza kumwona Sikudhani alikuwa Mzee Ngoja, mlinzi wa Nyumba ya Sampuli. Alikuwa mlangoni na kitambaa mkononi. Kazi yake ilikuwa kufuta vumbi kwenye rafu tupu, vumbi lisije likadhaniwa ni sampuli.

"Shikamoo, babu," alisema Sikudhani, akitazama chini.

"Marahaba, mjukuu wangu. Umeanza?"

"Nini?"

Mzee Ngoja akashangaa kidogo. "Hapo kwenye pindo umebeba nini?"

"Udongo wa dada yangu. Mjamzito."

Akalifungua fundo amwonyeshe, maana alidhani labda ameingia shamba la watu na anashukiwa wizi. Yale mabonge yalikuwa bado na unyevu. Harufu ikatoka. Mzee Ngoja hakuwa ameinusa hata siku moja maishani mwake, lakini bibi yake aliwahi kumwimbia juu yake, kwamba udongo wa kule juu unanukia maji yanayoanguka kutoka mbinguni. Kitambaa kikamponyoka.

"Umetoka kule?" akauliza, akinyoosha kidole kwenye duara la buluu.

Sikudhani akatazama. Ndipo alipoielewa ile buluu, na ile kahawia iliyojikunja katikati yake, kwamba ndiko kwao.

"Nimetoka kwetu," alisema. "Babu, nina haraka."

Neno hilo hawakulizoea. Mzee Ngoja, kwa furaha, akakosea: akapiga kengele. Kengele hiyo ilitengenezwa kwa ajili ya siku sampuli itakapofika, na haikuwa imepigwa kamwe. Watu wakamiminika. Sikudhani alitarajia labda watamshangilia, au watamfukuza. Badala yake walisimama kimya wakiutazama udongo kama watu walioletewa habari za msiba. Mama mmoja msukaji wa ungo alijifunika uso akasema, "Sasa kesho nitaamkia nini?"

Akaja Bwana Tathmini, Waziri wa Kuleta, mtu mpole mwenye sauti ya kubembeleza. Nyuma yake walikuja wakuu wa kampuni zote mbili: Bi Rasimu wa Ungo, mwembamba, mwepesi wa maneno ya kuuma, na Bwana Kielelezo wa Kamba, aliyekuwa na tumbo na kicheko.

Waziri akaukagua udongo kwa mbali. "Nani ameleta hii?"

"Amekuja nao mwenyewe, mheshimiwa," alisema Mzee Ngoja.

"Haiwezekani. Sampuli huletwa. Ungo umekamilika?"

"Bado, mheshimiwa," alisema Bi Rasimu.

"Kamba je?"

"Fundo lina matumaini makubwa," alisema Bwana Kielelezo.

"Basi," alisema waziri kwa upole, "kama ungo bado na kamba bado, sampuli haijafika. Na huyu binti aliyeishika naye hajafika. Wekeni rafuni wote wawili mpaka upembuzi utakapoonyesha wameletwa kwa njia gani."

Sikudhani akakusanya ujasiri wake wote. "Upembuzi huo utakwisha lini, baba?"

"Swali zuri sana," waziri akajibu. "Hilo nalo linatafitiwa."

Wakamkalisha kwenye rafu ya katikati, na udongo wake pembeni chini ya kioo. Hawakumpiga wala kumtukana. Walimwomba radhi kila walipomgusa. Hakupewa chakula, maana asiyefika hali. Wala hakuruhusiwa kuondoka, maana asiyefika ataondokaje? Dirishani aliona kile kijia chembamba alichojia kikipanda nyuma ya nyumba, karibu kiasi kwamba angeweza kukirushia ndala. Lakini mlango ulikuwa na komeo.

"Nifungulie, babu," alimnong'oneza Mzee Ngoja.

"Nikikufungulia bila amri, mjukuu wangu, wataniweka mimi rafuni." Akampa kipande cha ugali wake wa baridi, akaketi karibu. "Niambie. Hayo maji yanayoanguka, yanaumiza?"

"Hapana. Yanalowesha tu."

"Na watu wanafanya nini?"

"Wanakimbia. Halafu wengine wanarudi nje kuoga."

Mzee akacheka mpaka akakohoa. Lakini Sikudhani hakucheka. Kupitia dirishani aliona duara la buluu likijizungusha polepole, na upande wa kwao ukielekea kujificha. Alimwona Semeni akilini, ameketi nje ya mlango, kama alivyoketi utotoni, ila safari hii ndiye atakayeitwa ndani. Akajikunja kwenye rafu akalia bila sauti. Kilio cha namna hiyo alikizoea.

Baraza likakutana hapo hapo Nyumba ya Sampuli, mbele ya wananchi, kujadili ni kampuni gani iliyomleta mtu ambaye hajaletwa.

Bi Rasimu akaanza. "Waheshimiwa, mtazameni alivyokaa. Ameketi kwa ubapa kabisa. Kitu kinachokaa kwa ubapa kimetekwa kwa ungo. Sihitaji kusema zaidi."

Wa upande wa Ungo wakapiga makofi. Bwana Kielelezo akainuka akicheka.

"Ubapa! Hata mende anakaa kwa ubapa. Mimi nawaomba mtazame pindo la nguo yake. Kuna nini pale? Fundo! Fundo hilo ndilo tumekuwa tukilitafuta miaka yote. Huyu ameletwa kwa kamba, na kamba ameivaa!"

Wa Kamba wakashangilia. Wataalamu wao wakaomba waruhusiwe kulitazama lile fundo la kanga. Wakalizunguka, wakalichora, mmoja akalisifu hadi machozi yakamlenga.

"Hilo ni fundo la kanga tu," alisema Sikudhani.

"Sampuli isiseme," alionya Bi Rasimu.

"Mwacheni, labda ni sauti ya fundo," alisema Kielelezo, na watu wakacheka.

Mabishano yakaendelea. Kila upande ulitaka kummiliki, na wakati huo huo kila upande uliogopa kushinda. Ikithibitika kwamba ungo ndio uliomleta, hakuna tena haja ya kuusuka. Ikithibitika ni kamba, basi fundo limepatikana na watu waende nyumbani. Sikudhani, ambaye maisha yake yote amekaa pembeni mwa mazungumzo akiwasikiliza wengine, aliisikia hofu hiyo chini ya maneno yao. Akawaza: hawa hawataki niwepo. Na mimi sitaki kuwepo. Mbona tunagombana?

Kusema mbele ya watu watatu kulimshinda. Hapa palikuwa na mji mzima. Akafumba macho, akajifanya ameshikwa vidole na Semeni.

"Samahanini," alisema.

Hawakumsikia.

"Samahanini! Mimi siwezi kuletwa!"

Wakanyamaza. Waziri akageuka taratibu. "Kwa nini, binti?"

"Kwa sababu niko hapa." Sauti ilitetemeka, lakini aliisukuma mbele. "Mtu analetwa kutoka kule aliko, baba. Nikiwa hapa mtanileta kutoka wapi? Mkitaka kunileta, si lazima kwanza niwe kule?"

Yule mama msukaji akaondoa mkono usoni.

"Rudia," alisema waziri.

"Sampuli ikae kule. Ndipo ninyi mtafute namna."

Bi Rasimu akaketi chini, akavua viatu, akazinyoosha nyayo zake kama mtu aliyetembea tangu alfajiri. "Mungu wangu," alisema kwa sauti ndogo, si ile ya baraza. "Kweli kabisa. Kumbe bado hatujaharibikiwa." Watu wakaanza kukumbatiana. Wa Ungo wakawapa mikono wa Kamba. Mmoja akapaza sauti, "Asiyekuwa kule haletwi huku!" na ukumbi wote ukaitikia, na sasa neno hilo limeandikwa chini ya lile la langoni.

Sikudhani alikuwa ameshashusha mguu mmoja kutoka rafuni. Hapo Bwana Kielelezo akapiga meza.

"Hoja njema! Naomba basi Kampuni ya Kamba ipewe upembuzi mpya, wa namna ya kumpeleka. Kupeleka si jambo la mchezo. Tutahitaji fundo la upande wa pili."

Mguu wa Sikudhani ukafa ganzi hewani. Akamtazama Mzee Ngoja. Mzee naye akatazama sakafu yake safi.

Aliyemwokoa ni wivu. Bi Rasimu alipoona mwenzake anajipatia kazi ambayo yeye hakuifikiria, akasimama bila viatu.

"Wapi! Mtu hapelekwi mahali ambako hajatoka. Mheshimiwa, si uliamua mwenyewe kwamba huyu hajafika? Asiyefika bado yuko kwao. Na aliye kwao utampelekaje kwao? Hakuna cha kupembua hapo. Ni kufungua tu mlango asituzibie rafu!"

Bwana Kielelezo akamtazama kwa chuki yenye heshima. Waziri akafikiri, kisha uso wake ukalainika kama wa mtu aliyetolewa mwiba.

"Sahihi. Mzee Ngoja, fungua. Na udongo wote uende, usipungue." Akachungulia dirishani, akaona kile kijia. "Ile ni nini pale?"

"Njia ya miguu, mheshimiwa."

"Imetafitiwa?"

"Hapana, mheshimiwa."

"Basi haipo," alisema waziri, akaenda zake kula.

Mzee Ngoja akavuta komeo. Sikudhani akafunga udongo wake pindoni, lakini kabla ya kupiga fundo alivunja kipande kidogo kama punje ya hindi akakiweka kwenye kiganja cha mzee.

"Usipungue, wamesema," alinong'ona mzee.

"Dada yangu hatajua."

Mzee Ngoja akatazama rafu zake nyeupe alizozifuta maisha yake yote. Kisha akatazama kiganja. Akakitia kile kipande kinywani, akafumba macho. Alibaki hivyo, shavu moja limetuna, wakati msichana akipanda mbio ile njia ambayo haipo.

Alipotokeza korongoni, jua la alasiri lilikuwa bado kali. Aliona moshi uani, aliona jirani mmoja amesimama mlangoni, kisha akaona kuwa hakuna sauti yoyote. Kimya hicho kilimkata pumzi. Akakimbia huku kanga ikimgonga mapajani.

"Sikudhani!" ilikuja sauti kutoka ndani, kali, nzima kabisa. "Nilikutuma udongo au nilikutuma kisima?"

Akashika nguzo ya mlango ili asianguke. Semeni alikuwa ameketi kwenye mkeka, mgongo ukutani, tumbo lake pale pale. Jirani, Mama Zaina, alikuwa amekuja tu kuazima chumvi.

"Angalia ulivyo, umekuwa kama kuku aliyeoga majivu. Lete hapa." Semeni akafungua pindo, akang'ata bonge, akafumba macho kwa raha. Kisha akainama kwa shida, akabandua kidonge cha kijivu kilichoganda kwenye ndala ya mdogo wake. Kabla hajazuiwa alikuwa ameshakionja. Akatema.

"Ptu! Huu una ladha ya chumba kilichofungwa. Wa wapi huu?"

"Wa mbali sana, dada."

"Umeuletaje?"

Sikudhani akaufikiria ungo mpana kama uwanja. Akafikiria fundo.

"Umeganda tu kwenye ndala," alisema, na hapo ndipo alipocheka, akacheka mpaka akaketi chini. Semeni naye akaambukizwa bila kujua sababu, akicheka ameshika tumbo, mpaka kicheko kikamkatika ghafla na macho yakamtoka.

"Mdogo wangu," alisema. "Mkono."

Mkono ulikuwepo. Ulikuwepo jioni yote, ukiwa na udongo mwekundu kwenye kucha, ukibanwa mpaka mifupa ikalia, na haukuvutwa hata mara moja. Mama Zaina alimtuma mtu amwite mkunga. Hakuna aliyekalishwa nje ya mlango. Na mtoto alipolia, Semeni, aliye hai, aliyelowa jasho, aligeuza uso akauliza kama ni wa kike au wa kiume, na hawakuulizana jambo jingine.

Tangu siku hiyo Semeni hana tena hamu ya udongo. Mabonge yaliyobaki yamo dirishani, na mvua ikikaribia hunukia. Sikudhani akimwogesha mtoto uani hutazama juu mara moja moja. Haoni ungo, haoni kamba. Basi hupumua, akamgeuza mtoto upande wa pili.

Nami nimeubeba mzigo wangu mpaka mlangoni kwenu na sikuupunguza ila punje moja. Aliyekuwa akisubiri kucheka, sasa ni ruhusa.